Nikko: Mzee Aliyeomba Hekalu Dogo

Mwaka 1616, katika ngome ya Sunpu, mji ambao leo unaitwa Shizuoka, Tokugawa Ieyasu alikuwa amelala akingoja mauti. Alikuwa na miaka 73. Alikuwa ameshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, akavikwa cheo cha shogun, yaani mtawala wa kijeshi, mwaka 1603, na mwaka mmoja tu kabla ya kuugua alikuwa ameimaliza nyumba ya Toyotomi, mahasimu wake wa mwisho, ndani ya ngome yao ya Osaka. Aliwaita watu watatu: waziri wake Honda Masazumi, na watawa wawili wa Kibudha, Suden na Tenkai. Wosia wake ulikuwa mfupi na wenye mpangilio, kama zilivyokuwa amri zake zote. Mwili uzikwe juu ya mlima Kuno, ulio karibu. Ibada ya mazishi ifanyike Edo, katika hekalu la Zojoji. Kibao chenye jina lake kiwekwe Daijuji, kule Mikawa alikozaliwa. Na mwaka mmoja ukishapita, ajengewe hekalu dogo huko Nikko, naye atakuwa mlinzi wa mikoa minane ya mashariki.

Suden aliyaandika hayo katika shajara yake. Ndiyo maana tunalijua neno lenyewe alilotumia mzee: dogo.

Anayepanda treni ya asubuhi katika kituo cha Asakusa, Tokyo, hufika Nikko baada ya takriban saa mbili. Nyumba za jiji hupungua, mashamba ya mpunga hutokea, kisha milima husimama mbele ghafla. Edo ndilo jina la kale la Tokyo, na Nikko iko kaskazini yake. Kutoka kituoni, barabara ya maduka hupanda polepole hadi kwenye mto Daiya, na hapo msafiri hukutana na daraja jekundu liitwalo Shinkyo, yaani daraja takatifu. Chini yake maji ni ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, yana baridi na yanakwenda mbio. Wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Mimi nawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu historia ya Nikko haikuanza na Ieyasu. Ilianzia kwenye maji haya, karne nane na nusu kabla yake.

Mwaka 766 alifika hapa mtawa mmoja aitwaye Shodo, mzaliwa wa nyanda za chini za mkoa huu. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi, na shabaha yake ilikuwa moja: kufika kilele cha mlima ambao leo tunauita Nantai, wenye urefu wa mita 2,486. Watu wa bondeni waliuona mlima ule kuwa ni mungu, kwani mvua zao na mito yao vilitoka huko. Hadithi ya wenyeji husema kwamba mto ulimzuia Shodo, akaomba, akatokea mungu mwenye nyoka wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa samawati, ambao walijilaza juu ya maji wakawa daraja, majani yakaota mgongoni mwao ili miguu ya mtawa isiteleze. Hilo ndilo daraja jekundu. Lililopo sasa lilijengwa mwaka 1904, baada ya mafuriko ya mwaka 1902 kulisomba lililotangulia.

Kuvuka mto kulikuwa rahisi kuliko kupanda. Shodo alijaribu mwaka 767, akashindwa na theluji. Alijaribu tena mwaka 781, akashindwa. Mwaka 782 alifika. Kukai, mtawa mashuhuri kuliko wote wa zama zile, aliandika habari za safari hiyo mwaka 814, Shodo akiwa bado hai, kwa hiyo si ngano tupu. Juu kule Shodo aliona ziwa limelala chini ya mlima kama kioo, na miaka miwili baadaye akajenga hekalu kando yake. Jina la mlima wakati huo lilikuwa Futara. Maandishi ya Kijapani yana njia zaidi ya moja ya kusomwa, na alama zilezile za Futara zaweza kutamkwa "niko". Baadaye zikawekwa alama nyingine zenye sauti inayofanana na hiyo na maana nzuri zaidi: mwanga wa jua. Hivyo ndivyo Nikko ilivyopata jina.

Kwa mamia ya miaka baada ya Shodo, Nikko ilikuwa mahali pa watawa wapandao milima. Hawakutenganisha miungu ya jadi ya Kijapani na Budha. Milima mitatu, Nantai, Nyoho na Taro, ilikuwa baba, mama na mtoto, na kila mmoja ulikuwa pia sura ya Budha. Ukiingia leo katika ukumbi mkuu wa hekalu la Rinnoji utawaona watatu hao wakiwa sanamu za dhahabu zilizokaa juu ya maua ya yungiyungi, na kila moja imesimama kwa niaba ya mlima wake. Kisha yakaja mambo ya siasa. Mwaka 1590 watawa wa Nikko walichagua upande ulioshindwa katika vita, na Toyotomi Hideyoshi, mshindi wa vita hivyo, akawanyang'anya karibu ardhi yao yote. Tenkai alipokabidhiwa usimamizi wa Nikko mwaka 1613, alipokea mahali patakatifu palipokuwa pamechakaa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kwa nini shogun alikwenda kulala mlimani, mbali na jiji lake, aanze na Tenkai. Ieyasu alipofariki, watawa waliokuwa kando yake walibishana juu ya cheo cha kimungu atakachopewa. Suden na wenzake walitaka aitwe Daimyojin. Tenkai alitaka aitwe Daigongen, cheo kinachomhesabu marehemu kuwa Budha aliyejidhihirisha kwa sura ya mungu wa Kijapani. Hoja iliyotajwa sana ilikuwa nyepesi kueleweka: Hideyoshi aliitwa Daimyojin, na ukoo wake uko wapi leo? Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwaka 1617 mfalme aliidhinisha jina Tosho Daigongen, na jeneza likatolewa mlima Kuno likasafirishwa kwa msafara mrefu hadi Nikko. Hidetada, mwana wa Ieyasu na shogun wa pili, alijenga hekalu la kadiri. Wosia ulikuwa umetimizwa.

Aliyeubadilisha ni mjukuu.

Tokugawa Iemitsu, shogun wa tatu, alimpenda babu yake kwa mapenzi yasiyo ya kawaida. Mwaka 1634 aliamuru hekalu livunjwe na kujengwa upya. Kazi ilisimamiwa na fundi seremala mkuu Kora Munehiro, ikakamilika mwaka 1636, muda wa mwaka mmoja na miezi mitano hivi. Gharama iliandikwa: sarafu za dhahabu za ryo 568,000, mbali na fedha na mchele. Lile neno la mzee, dogo, likafutika chini ya rangi na dhahabu.

Tusimhukumu Iemitsu haraka. Yeye ndiye aliyezaliwa shogun, asiyepigana vita vilivyompa kiti, na alihitaji mabwana wote wa nchi waione nguvu ya ukoo wake kwa macho. Ndiye pia aliyefunga milango ya Japani. Wareno, ambao wa kwanza wao waliwafikia Wajapani mwaka 1543, aliwafukuza mwaka 1639. Hao ni Wareno walewale wa Ngome ya Yesu pale Mombasa, na njia yao ilikuwa moja: padri Francis Xavier alipitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na mwaka 1549 alitia mguu Kagoshima. Katika njia hiyo walisafiri pia Waafrika. Mwaka 1582 Matsudaira Ietada, mmoja wa watu wa Ieyasu, aliandika katika shajara yake kwamba amemwona katika msafara wa bwana wa vita Oda Nobunaga mtu mweusi kama wino, mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.8, jina lake Yasuke. Mwandishi Mjesuiti wa karne iliyofuata alisema Yasuke alitoka upande wa Msumbiji. Mlango huo ndio uliofungwa na mjenzi wa Nikko. Waliobaki kuruhusiwa walileta zawadi hapa: Wakorea walileta kengele kubwa mwaka 1643, na Waholanzi wakaleta taa ya shaba inayozunguka, ambayo nembo ya ukoo wa Tokugawa imewekwa juu chini. Bado iko pale, na nembo haijageuzwa.

Sasa tupande ngazi. Lango la kwanza ni la jiwe, mita 9 kwenda juu. Kuroda Nagamasa, bwana wa Chikuzen katika kisiwa cha Kyushu, alilitoa mwaka 1618. Mawe yalichongwa kwake, kusini magharibi kabisa mwa nchi, yakaletwa kwa bahari, kisha kwa mto, kisha yakaburutwa nchi kavu hadi milimani. Kushoto kwake kuna pagoda ya ghorofa tano. Ya kwanza iliungua mwaka 1815, hii ilisimamishwa mwaka 1818. Nguzo yake ya katikati haikanyagi msingi. Imening'inizwa kwa minyororo kutoka ghorofa ya nne, na kati ya ncha yake na msingi kuna nafasi ya sentimita chache. Mbao husinyaa kwa miaka, jengo hushuka, lakini nguzo haiwezi kulitoboa paa. Fundi wa pagoda ile aliwaza mambo ya miaka mia mbele.

Ukishapita lango la pili, tazama ghala la juu kati ya maghala matatu yaliyo mbele yako. Chini ya paa lake kuna ndovu wawili. Walichorwa kwa mkono wa Kano Tan'yu, mchoraji mkuu wa shogun, ambaye hakuwahi kumwona ndovu maishani mwake. Alisoma habari zake vitabuni, akajaza mengine kwa mawazo. Umbo la masikio na la mkia si la ndovu tunayemjua sisi. Hata hivyo nasimama upande wa Tan'yu. Alipewa kazi ya kumchora mnyama wa nchi ya mbali, akamchora kwa heshima, na ndovu wake wana uhai.

Mkabala ni banda la farasi mtakatifu, jengo pekee katika uwanja huo lililoachwa na mbao tupu, bila rangi. Watu hujaa hapo kwa ajili ya nyani watatu: mmoja amefumba macho, mmoja mdomo, mmoja masikio. Dunia nzima inawajua, lakini wachache wanajua kwamba wako bandani kwa sababu Wajapani wa kale waliamini nyani humlinda farasi na maradhi. Tena watatu hao ni kipande cha pili tu cha hadithi yenye vipande vinane. Katika cha kwanza mama nyani amemshika mwanawe akitazama mbali, kama anayetafuta kesho ya mtoto. Watatu ni utoto: mtoto asioneshwe mabaya, asiyasikie, asiyaseme. Kisha nyani anakua, anakaa peke yake, anatazama mawingu, anaanguka na kufarijiwa na rafiki, anapenda, anavuka mawimbi pamoja na mwenziwe, na mwisho ana mimba. Anayepiga picha ya watatu na kwenda zake ameusoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Halafu Yomeimon. Hilo ni lango la ghorofa mbili lenye nakshi 508 za majoka, masimba, wazee wenye hekima na watoto wanaocheza, na nguzo 12 zilizopakwa nyeupe ya unga wa kombe za baharini. Wajapani wamelipa jina la pili, lango la kutwa, kwa maana mtu aweza kulitazama hadi jua lichwe. Wapo wasiolipenda. Wanasema limezidiwa na mapambo, na kwamba Ujapani halisi ni ule wa mbao kavu na uwanja wa mchanga. Mimi naona wanakosea, kwa sababu hawajaitazama nguzo moja ya upande wa nyuma ambayo nakshi yake imegeuzwa juu chini, tofauti na nyingine kumi na moja. Mafundi walifanya hivyo kusudi. Kitu kikishakamilika huanza kuharibika, kwa hiyo waliliacha lango likiwa bado halijaisha.

Nalo kweli haliishi. Hewa ya Nikko ni ya unyevu, majira ya baridi ni makali, na rangi za utomvu wa mti wa urushi hubanduka. Matengenezo ya mwisho ya Yomeimon yalianza mwaka 2013, yakakamilika mwaka 2017, na mafundi walitumia utomvu uleule, dhahabu ileile iliyofuliwa kuwa nyembamba kuliko karatasi. Anayeliona leo haoni mbao za mwaka 1636 zilizojihifadhi zenyewe. Anaona mnyororo wa mikono ya mafundi, baba kwa mwana, mwalimu kwa mwanafunzi, kwa karibu miaka 400.

Ndani zaidi, juu ya mlango mdogo, paka amelala kati ya maua. Hupewa mkono wa Hidari Jingoro, fundi wa masimulizi. Nyuma ya nakshi hiyo kuna shomoro wanaocheza bila hofu: paka akilala, shomoro huishi. Ujumbe huo, baada ya zaidi ya karne nzima ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, haukuhitaji mfasiri. Kutoka kwa paka kuna ngazi 207 za mawe. Kelele za watalii hubaki chini. Juu ni mierezi mirefu, ukungu, na kaburi la Ieyasu: mnara wa shaba wenye umbo la kengele. Wa kwanza ulikuwa wa mbao, ukafuatiwa na wa jiwe, na baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1683 ukawekwa huu wa shaba. Hakuna joka wala nakshi mwilini mwake. Huku juu ndiko ninakoamini wosia ulitiiwa.

Mwenye siku moja tu akishuka kufikia saa sita mchana, muda wa kwenda ziwani upo. Basi hupanda barabara ya Irohazaka, yenye kona 48 katika njia zake mbili, ya kupanda na ya kushuka, na kila kona imepewa herufi moja ya mpangilio wa kale wa silabi za Kijapani. Chini ya mlima kuna mahali paitwapo Umagaeshi, maana yake farasi arudi. Zamani farasi na ng'ombe hawakuruhusiwa kupita hapo. Wanawake pia hawakuruhusiwa. Walijengewa kibanda cha ibada kando ya njia, wakaomba hapo wakiutazama mlima, wakarudi. Katazo hilo liliondolewa na serikali mwaka 1872. Zaidi ya miaka elfu moja tangu Shodo apande, nusu ya watu wa nchi ile ilikuwa imeishia kibandani, na sioni sababu ya kulieleza jambo hilo kwa maneno laini.

Ziwa Chuzenji liko mita 1,269 juu ya usawa wa bahari. Nantai ni volkano. Ulitapika uji wa moto ukaziba bonde, maji yakakusanyika nyuma yake. Yanapotokea, yanatokea kwa kishindo: maporomoko ya Kegon, mita 97 kwa mruko mmoja. Tangu mwaka 1930 kuna lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, ambayo humshusha msafiri takriban mita 100 hadi chini ya maporomoko. Maji hayo yaliwazuia samaki kupanda, na kwa hiyo ziwa lilikuwa halina samaki hadi watu walipowapandikiza mwaka 1873. Ng'ambo ya ziwa kuna uwanda wa majani na maji uitwao Senjogahara, uwanja wa vita. Vita vyenyewe havikuwa vya shogun. Wenyeji husimulia kwamba mungu wa Nantai aligeuka nyoka mkubwa, mungu wa mlima Akagi akageuka tandu mkubwa, wakapigana hapo kugombea ziwa. Nantai alishinda. Ukikaa kando ya maji ukiutazama mlima unavyolijaza anga, utaelewa kwa nini Tenkai hakumpeleka bwana wake mahali pengine. Ieyasu alikuja hapa kama mgeni, na mwenye nyumba alikuwa amekwishakuwapo.

Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ulianguka. Wanajeshi wa shogun, wakiongozwa na Otori Keisuke, walirudi nyuma hadi Nikko wakiwa tayari kupigana kwenye kaburi la mwanzilishi. Jeshi la serikali mpya liliongozwa na Itagaki Taisuke. Watawa wakaenda na kurudi kati ya pande mbili, na Itagaki akawasihi maadui zake watoke wakapiganie kwingine. Walitoka, wakaelekea Aizu, na Nikko haikuungua. Sanamu ya Itagaki imesimama karibu na daraja jekundu. Kilichofuata kiliumiza kwa namna nyingine: serikali iliamuru miungu itenganishwe na Budha, na mwaka 1871 mahali pamoja pakagawanywa sehemu tatu: Toshogu ya Ieyasu, Futarasan ya miungu ya milima, na Rinnoji ya Wabudha. Mipaka hiyo ingalipo. Mwaka 1999 UNESCO iliyaweka majengo 103 ya sehemu zote tatu katika urithi wa dunia kama kitu kimoja.

Imebaki zawadi moja ambayo sijaitaja. Mabwana wakubwa walipoleta malango ya mawe na taa za shaba, Matsudaira Masatsuna alipanda miche ya mierezi kando ya barabara zinazoelekea Nikko. Alipanda kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1648 miti ikatolewa rasmi kwa hekalu. Husimuliwa kwamba wenzake waliicheka. Leo njia hiyo ina urefu wa kilomita 35 hivi na miti ipatayo 12,000, na katika Japani nzima ndiyo pekee iliyohifadhiwa kwa pamoja kama mahali maalumu pa kihistoria na kama ajabu maalumu ya maumbile. Mmoja kati ya mierezi hiyo, pale Imaichi, bado una kovu la mzinga wa mwaka 1868. Inazidi kupungua kwa sababu ya umri, dhoruba na moshi wa magari, na tangu mwaka 1996 mkoa umeweka utaratibu wa mtu kuweka yen milioni 10 kwa mti mmoja, faida ya fedha hizo ikatumika kuutunza.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika Nikko kwa siku moja, usirudi Tokyo moja kwa moja jioni. Shuka Imaichi, kituo kilicho karibu, jua likiwa bado halijazama. Njia ya mierezi iko mwendo mfupi kwa miguu, wala haina kiingilio.